Daktari Aliyeficha Ugonjwa Wake: Maisha ya David Livingstone



Jina la Daktari David Livingstone lajulikana karibu na kila mtoto wa shule. Twamjua kama msafiri, kama mmisionari, na kama adui wa biashara ya watumwa. Safari hii twapenda kumtazama kwa upande ambao hausemwi mara nyingi. Mtu huyu alikuwa daktari aliyesomea, aliyewatibu wengi katika nchi nyingi, lakini ugonjwa wake mwenyewe aliuacha kwa miaka mingi mpaka ukammaliza. Twaona yafaa habari hiyo isomwe hapa Makongolosi, kwa maana sisi nasi katika mtaa wetu tumezika watu ambao ugonjwa wao ulitoa dalili mapema, na wao wenyewe walizijua, wakanyamaza.

Livingstone hakuwa Mwanglikana. Alilelewa katika kanisa lingine la Kiprotestanti. Lakini sisi Waanglikana wa Tanzania tuna deni kwake. Tarehe 4 Desemba 1857 alihutubia katika Chuo Kikuu cha Cambridge akiwasihi vijana waje Afrika, na kwa hotuba hiyo ilizaliwa misheni ya UMCA, ambayo iliwaletea wazee wetu wengi Injili, shule na hospitali.

KIJANA WA KIWANDANI

Livingstone alizaliwa tarehe 19 Machi 1813 katika mji wa Blantyre, nchi ya Uskoti. Wazazi wake walikuwa maskini wenye kumcha Mungu, nao waliishi pamoja na watoto wao katika chumba kimoja, ndani ya jengo la wafanyakazi wa kiwanda cha pamba. Alipokuwa na umri wa miaka 10 aliingizwa kiwandani kuunga nyuzi zilizokatika. Kazi ilianza saa kumi na mbili asubuhi ikaisha saa mbili usiku, kisha akaenda shule ya jioni mpaka saa nne. Kwa sehemu ya mshahara wake wa kwanza alinunua kitabu cha sarufi ya Kilatini. Vitabu alivisimamisha juu ya mashine, akawa anasoma sentensi mojamoja kila apitapo.

Ndiko huko kiwandani alikojifunza kuulazimisha mwili. Ukichoka, aliuambia uendelee; ukiuma, alisubiri mpaka maumivu yatulie yenyewe. Tabia hiyo ilimtoa katika umaskini na kumfikisha mbali sana. Tutaona jinsi ilivyomponza baadaye.

Mwaka 1836 alianza kusomea udaktari mjini Glasgow. Mwezi wa Novemba 1840 alipata cheti chake cha udaktari, na mwezi huohuo akawekewa mikono kuwa mchungaji. Alikuwa ametamani kwenda China, lakini vita ilizuia njia. Akaonana na mmisionari mkongwe Robert Moffat wa Kuruman, na kwa maneno ya mzee huyo moyo wake ukaelekea Afrika. Desemba 1840 akapanda meli kwenda kusini mwa bara letu.

MWILI ULIOZOEA KUPONA

Mwaka 1844, akiwa Mabotsa, simba alimrukia akamvunja mfupa wa mkono wa kushoto karibu na bega. Hapakuwa na daktari mwingine karibu, hivyo ilimbidi aangalie matibabu yake mwenyewe. Mfupa ukaunga vibaya, na tangu siku hiyo hakuweza tena kuinua mkono huo vizuri. Lakini alipona. Mwaka uliofuata akamwoa Mary, binti wa Moffat.

Kisha zikaja safari zake ndefu. Aliondoka Linyanti mwaka 1853 pamoja na watu 27 aliopewa na chifu wa Wamakololo, wakaenda kwa mitumbwi na kwa miguu hadi pwani ya magharibi. Homa ilimshika mara nyingi sana, na kuhara pia. Alipofika Luanda mwezi wa Mei 1854 alikuwa amekonda mno. Mwingereza mmoja aliyekuwa akifanya kazi huko alimpisha kitandani mwake, na daktari wa meli ya kivita ya Kiingereza akamtibu hata akapata nguvu. Maofisa wa meli walijitolea kumrudisha kwao Uingereza. Alikataa, kwa sababu alikuwa amewaahidi wale watu 27 kwamba atawarudisha makwao, nao wasingeweza kurudi peke yao. Akageuka nao, akavuka bara zima mpaka Quelimane, pwani ya mashariki, alikofika mwezi wa Mei 1856.

Kukataa kule kulikuwa ni uaminifu, nasi twamsifu kwa hilo. Tena tuangalie kwamba pale Luanda alikubali kutibiwa. Msaada ulipokuwepo aliupokea akapona. Lakini mtu aliyeponyoka simba, aliyeponyoka homa mara ishirini na zaidi, huanza kudhani kwamba mwili wake utapona siku zote. Wachimbaji wetu wanayajua mawazo haya. Aliyetoka salama katika shimo lililobomoka mara mbili haoni sababu ya kuogopa mara ya tatu.

Katika safari hiyo kubwa ndipo ulipoanza ugonjwa tunaotaka kuusimulia. Ulikuwa bawasiri, yaani kuvimba kwa mishipa ya damu katika njia ya haja kubwa. Ni ugonjwa unaowapata watu wengi, wanaume kwa wanawake, na mara nyingi hutibika. Kwake yeye ulianza kama usumbufu wa safarini, baadaye ukawa ni wa kutokwa damu.

Wala tusidhani kwamba alidharau tiba. Katika safari yake ya Zambezi, kati ya mwaka 1858 na 1864, alitumia vidonge alivyovichanganya mwenyewe kwa kwinini na dawa za kuharisha, akawapa wenzake walioshikwa na homa, na vidonge vyake vikaja kuuzwa hata Ulaya. Alijua pia kwa uchungu mtu hupatwa na nini akikosa dawa. Askofu wa kwanza wa UMCA, Charles Mackenzie, alifariki tarehe 31 Januari 1862 katika bonde la mto Shire, baada ya mtumbwi wake kupinduka na dawa zake zote kupotea majini. Tarehe 27 Aprili mwaka huohuo mkewe Livingstone, Mary, alifariki kwa homa huko Shupanga. Basi mtu huyu alizijua dalili, alizijua dawa, na alikijua kifo. Hakukosa elimu. Ndiyo maana twasema habari zake zatufundisha kuliko za mtu asiyejua.

USHAURI ALIOUKATAA

Mwezi wa Julai 1864 Livingstone alirudi Uingereza. Wakati huo alikuwa na nafasi ambayo hakuipata tena maishani: alikuwa nyumbani, amezungukwa na madaktari bingwa. Alikwenda kumwona Profesa James Syme wa Edinburgh, mmoja wa wapasuaji mashuhuri wa siku hizo, kuhusu ugonjwa wake wa zamani. Alishauriwa kwa nguvu afanyiwe upasuaji. Akafikiri, kisha akakataa.

Sababu zake zimeandikwa na William Blaikie, aliyetunga kitabu cha maisha yake. Ya kwanza ni kwamba rafiki yake mmoja wa zamani, daktari naye, hakuupenda upasuaji huo. Ya pili, ambayo ndiyo kubwa, alimweleza rafiki yake Sir Roderick Murchison: aliogopa jambo hilo lingeandikwa magazetini, naye hakutaka watu wawe wanazungumza juu ya udhaifu wa mwili wake.

Tumtendee haki. Upasuaji wa miaka ile ulikuwa na hatari. Dawa ya kumlaza mgonjwa asisikie maumivu ilikuwa ikitumika Edinburgh tangu mwaka 1847, lakini vidonda vingi vilioza baada ya kupasuliwa. Ni mwezi wa Agosti 1865 ndipo Joseph Lister, mkwewe Profesa Syme, alipoanza kule Glasgow kutumia dawa ya kuua vijidudu katika vidonda. Mwezi huohuo wa Agosti 1865 Livingstone aliondoka Uingereza asirudi tena akiwa hai.

Hata hivyo hatusomi kwamba hofu ya kidonda ndiyo iliyomshinda. Iliyomshinda ni aibu. Alikuwa mtu mwenye jina, picha yake imo katika nyumba za watu, na ugonjwa ulikuwa mahali pa siri. Aliweza kusimama mbele ya simba, lakini hakuweza kustahimili kwamba watu watajua anaumwa wapi.

Hapa nasi tujiangalie. Ni wangapi kati yetu wanaoona damu chooni wakasema ni pilipili, au ni chakula? Ni akina mama wangapi wanaotokwa damu baada ya kukoma hedhi, au wenye uvimbe katika titi, wasioweza kumwambia hata dada yao? Ni wazee wangapi wanaoamka mara tano usiku kwenda haja ndogo, na mkojo wenyewe unatoka kwa shida, wakasema ni uzee? Wanaume hasa huona vigumu kuvua nguo mbele ya muuguzi ambaye umri wake ni wa mjukuu wao. Aibu hiyo hatuicheki. Lakini muuguzi ameona wengi, na kwake yeye huo ni ugonjwa kama ugonjwa mwingine.

SAFARI YA MWISHO

Mwezi wa Januari 1866 Livingstone alifika Unguja, na mwezi wa Machi akashuka pwani ya Mikindani, akaelekea bara kwa njia ya mto Ruvuma. Miongoni mwa watu wake walikuwamo Susi, aliyekuwa naye tangu Shupanga, na Chuma, kijana aliyekombolewa utumwani mwaka 1861 na Livingstone pamoja na Askofu Mackenzie. Nia yake ilikuwa kutafuta chanzo cha mto Nile, na kuufunulia ulimwengu ubaya wa biashara ya watumwa.

Tarehe 20 Januari 1867 wapagazi wawili walitoroka na mzigo uliokuwa na sanduku la dawa. Alipojua hivyo aliandika katika daftari lake kwamba ni kama amesomewa hukumu ya kifo, akamkumbuka Askofu Mackenzie. Daktari yule sasa hakuwa na kwinini hata kidogo. Lakini hakurudi nyuma.

Miaka iliyofuata ilikuwa ya mateso. Mwanzoni mwa mwaka 1869 mapafu yalimwuma sana, akatema damu kidogo, akachukuliwa kwa machela na msafara wa mfanyabiashara Mwarabu mpaka Ziwa Tanganyika. Aliwachukia wauza watumwa, na huyo ndiye aliyemwokoa. Mwaka 1870, katika nchi ya Manyema ambayo leo ni Kongo, vidonda vya miguu vilimfungia kibandani siku 80. Mwezi wa Julai 1871 aliona kwa macho yake watu wakiuawa sokoni Nyangwe kwa bunduki, akarudi Ujiji akiwa amevunjika moyo, mgonjwa, na mali yake imekwisha kuuzwa na aliyekabidhiwa. Mwishoni mwa mwaka huohuo ndipo Henry Stanley, mwandishi wa gazeti la Marekani, alipomkuta Ujiji akiwa na chakula na dawa kwa ajili yake.

Hapo Mungu alimfungulia mlango wa pili. Stanley alikaa naye miezi kadhaa, wakafika pamoja karibu na Tabora. Alimsihi sana arudi kwao, apate nguvu, atengenezewe meno, kisha aje kumaliza kazi. Livingstone alipima maneno hayo akayakataa. Alijiambia kwamba rafiki zake wangependa amalize kwanza kazi ya kutafuta vyanzo vya Nile. Tena alikuwa na barua ya binti yake Agnes, iliyosema kwamba ingawa alitamani sana baba arudi, afadhali amalize kazi yake kwa kuridhika. Mwezi wa Machi 1872 Stanley akaenda zake.

Angalieni, ndugu zetu. Mwaka 1864 madaktari walimshauri apasuliwe, akamsikiliza rafiki mmoja aliyesema hapana. Mwaka 1872 Stanley alimshauri arudi, akasikiliza barua iliyosema afadhali amalize. Wote wawili walimpenda, wala hawakukusudia mabaya. Lakini mtu akishaamua moyoni mwake kutokwenda hospitali hakosi kupata mshauri wa kumuunga mkono. Huyu atasema ni upepo tu umempiga. Yule atasema jirani yake alikuwa hivyohivyo akapona kwa mizizi. Mwingine atasema ukipasuliwa ndiyo basi. Kati ya mashauri kumi tunachagua lile tulilokuwa tunalitaka kabla hatujauliza.

Mwezi wa Agosti 1872 Livingstone aliondoka Tabora kwenda kusini. Haukupita muda mrefu damu ikaanza kumtoka tena, na kuhara. Katika daftari alikuwa akiutaja ugonjwa huo kama mtu amtajavyo mgeni aliyezoeleka nyumbani. Zaidi ya hayo, wakati mmoja aliandika kwamba kutokwa damu kwingi kule kulimsaidia, kwa kuwa kulimkinga na homa. Daktari aliyesoma Glasgow, ambaye mgonjwa wake akimweleza neno kama hilo angemkemea, alijieleza hivyo mwenyewe ili aendelee na safari. Hiyo ndiyo hila ya ugonjwa wa muda mrefu: mtu huuzoea, kisha huutafutia na sifa.

Mvua za mwaka 1873 zilimkuta katika mabwawa ya Ziwa Bangweulu, nchi ambayo leo ni Zambia, akibebwa mabegani kuvuka maji. Mwezi wa Aprili damu ilimtoka kwa wingi kwa siku nyingi mfululizo, na sasa yeye mwenyewe aliandika kwamba hana damu tena mwilini, ni dhaifu. Alipopandishwa juu ya punda alianguka. Wakamtengenezea machela. Wakati huu, kama angetaka msaada, hapakuwa na msaada. Hospitali ilikuwa mwendo wa miezi.

Mwisho wa Aprili walimfikisha kijiji cha chifu Chitambo. Usiku alimwita Susi amletee maji ya moto na sanduku la dawa, akachagua kwa shida chupa ya kalomeli, maana macho yake yalikuwa hayaoni vizuri. Kalomeli ni dawa iliyotengenezwa kwa zebaki, na madaktari wa leo wamekwisha kuiacha. Kabla ya mapambazuko, yapata tarehe 1 Mei 1873, walimkuta amepiga magoti kando ya kitanda, kichwa kimelala juu ya mto, amekwisha kufa. Alikuwa na umri wa miaka 60.

WALIOMBEBA

Watu wake hawakumwacha. Farijala, ambaye aliwahi kumtumikia daktari mmoja Unguja, aliupasua mwili ili uhifadhiwe. Ndani, upande wa kushoto, walikuta bonge la damu iliyoganda lenye ukubwa wa kiganja cha mtu. Moyo wake waliuzika chini ya mti, na Jacob Wainwright, Mwafrika aliyesomeshwa na wamisionari huko India, akasoma ibada ya maziko kutoka katika Kitabu cha Sala, kitabu chetu hikihiki. Kutokana na mti huo ilitengenezwa sanamu ya Bwana msalabani iliyomo katika Kanisa Kuu la Mkunazini, Unguja, lililojengwa mahali pa soko la watumwa.

Mwili waliukausha kwa chumvi na jua siku 14, wakaufunga, wakaubeba. Walipita kusini mwa Ziwa Tanganyika, wakakata nchi ya Ufipa, ng'ambo ya Ziwa Rukwa kutoka kwetu Chunya, wakafika Tabora. Huko Waingereza waliwashauri wauzike, walikataa. Wengine walikufa njiani. Mwezi wa Februari 1874 waliufikisha Bagamoyo, baada ya safari ya zaidi ya kilomita 1,600 na miezi tisa hivi. Tarehe 18 Aprili 1874 Livingstone alizikwa London katika kanisa la Westminster Abbey.

Chuma na Susi walipelekwa Uingereza, wakamsaidia Horace Waller, aliyekuwa mtumishi wa UMCA, kutayarisha daftari za safari ya mwisho. Zilichapishwa mwaka 1874. Humo kila msomaji aliona jinsi Daktari alivyotokwa damu, siku kwa siku, mpaka mwisho. Lile aliloogopa mwaka 1864 kwamba lisije likaandikwa magazetini, miaka kumi baadaye lilisomwa na ulimwengu mzima, na mwenyewe yuko kaburini. Wahenga wetu walikwisha kusema kwamba mficha maradhi kilio humuumbua.

Na ile kazi aliyokataa kuiacha ili akatibiwe? Mwaka 1877 Stanley aliufuata mto Lualaba mpaka baharini, ikaonekana kwamba si Nile kabisa, ni Kongo. Livingstone alikuwa akitafuta chanzo cha Nile mahali ambapo hakipo.

KWETU SISI

Hapa Makongolosi hatutafuti Nile. Tunatafuta dhahabu, kama walivyofanya waliokuja uwanda wa Lupa toka makabila mengi tangu miaka ya 1920 na 1930. Na neno letu ni lilelile: mwamba ukitoa, nitakwenda hospitali. Mtu anakohoa mwezi mzima, anatoka jasho usiku, anakonda, lakini anaogopa kwamba akiondoka siku tatu zamu yake itachukuliwa na mgawo utampita. Vumbi la mawe hudhuru mapafu, na aliye na mapafu yaliyoharibiwa na vumbi hushikwa upesi zaidi na kifua kikuu. Anayechoma dhahabu anavuta moshi wa zebaki, na mikono ikianza kutetemeka anasema ni uchovu.

Chuma, yule kijana aliyembeba Livingstone, alifariki Unguja mwaka 1882 kwa kifua kikuu. Mwaka huohuo Robert Koch wa Ujerumani alitangaza kwamba amekiona kijidudu cha ugonjwa huo, lakini dawa ya kukiua ilipatikana zaidi ya miaka sitini baadaye. Chuma hakuwa na la kufanya. Sisi tunalo. Dawa za kifua kikuu hutolewa bila malipo, na kwa kawaida matibabu ni ya miezi sita. Kukohoa wiki mbili au zaidi kwatosha kumpeleka mtu apimwe makohozi, hata kama bado ana nguvu za kushika sururu. Wengine huogopa kwamba wakionekana pale watu watasema ni UKIMWI. Waseme. Na kama upo, huo nao una dawa, na anayezitumia ipasavyo anaishi na kulea watoto wake.

Damu ikitoka mahali isipotakiwa kutoka, katika haja kubwa, katika mkojo, katika makohozi, au kwa mama nje ya siku zake, tusingoje. Mara nyingi itakuwa jambo dogo lenye tiba nyepesi, kama ilivyokuwa bawasiri ya Livingstone mwanzoni. Wakati mwingine itakuwa saratani, nayo hutibika vizuri zaidi ikionekana mapema. Vilevile uvimbe usiouma, na kukonda bila sababu. Na mtu akipooza ghafula upande mmoja, mdomo ukaenda kando, au kifua kikambana, huyo apelekwe saa ileile, asingoje kesho.

Wengine husema wanamtumaini Mungu. Nasi pia twamtumaini. Lakini Mtakatifu Luka, tunayemkumbuka tarehe 18 Oktoba, alikuwa tabibu, na Yoshua bin Sira katika sura ya 38 ya kitabu chake anatufundisha kumheshimu tabibu, kwa kuwa Mungu ndiye aliyemweka. Tumkumbuke pia yule mwanamke katika Injili ya Marko sura ya 5, aliyetokwa damu miaka kumi na miwili. Yeye naye alikuwa na aibu, na sheria ilimhesabu najisi. Alikuja kwa siri kwa nyuma akagusa vazi. Bwana wetu hakumwacha aende kimya. Alimwita atoke mbele, akasimulia habari yake yote, naye akamwita binti. Mbele ya Bwana hakuna ugonjwa wa aibu.

Neno la mwisho ni kwetu sote tulio wazima. Susi, Chuma na wenzao walimbeba Daktari wao miezi tisa akiwa maiti, kwa upendo ambao hatuwezi kuupima. Walifanya waliloweza. Sisi nasi ni hodari wa kubeba maiti. Akifa mtu hapa, kabla ya jioni daftari la rambirambi limekwisha kuzunguka, jeneza limelipwa, na gari limekodiwa kumpeleka kwao Rungwe, Njombe au Iringa. Lakini mtu huyohuyo alipokuwa hai, akikosa nauli ya kwenda Chunya au hospitali ya rufaa Mbeya, hakuna aliyezungusha daftari. Pengine hatukujua, kwa sababu alificha. Pengine alificha kwa sababu alijua tutasema.

Basi tuombane hivi. Mwenye dalili na amwambie mtu mmoja wiki hii: mke, mume, mwinjilisti, padre, au mama wa Umoja anayemwamini. Naye atakayeambiwa asilitangaze kisimani wala kilabuni, bali amsindikize mpaka zahanati na kukaa naye kwenye benchi. Na wazee wa kanisa wafikirie kutenga kidogo katika sadaka kwa ajili ya nauli za wagonjwa, ili tuwabebe ndugu zetu wakiwa bado wanapumua.

Mungu, aliye mponyaji wa roho na mwili, atupe ujasiri wa kusema na moyo wa kusindikizana. Amina.